Tupeane uzoefu: wakati wa korona, kujitenga kulitufaa au tungeacha virusi vienee?

Baba Imani (Kayole)
Wanajamvi, hamjambo? Juzi kazini kijana mmoja, ambaye mwaka 2020 alikuwa bado shule ya msingi, alitueleza kwa uhakika kamili kwamba serikali iliharibu nchi kwa kuwafungia watu, na kwamba ingekuwa heri tuachwe tuugue sote mapema, kinga ienee katika jamii, maisha yaendelee. Tangu hapo mawazo yangu yamekuwa kwenye ploti tuliyokaa wakati ule. Jirani yetu alipopimwa akapatikana na virusi, aliagizwa kwa simu akae katika chumba chake peke yake, atumie choo chake peke yake na atenge vyombo vyake. Chumba hicho kilikuwa na mke, watoto watatu na jiko la mafuta ya taa, na choo kilikuwa kimoja kwa ghorofa nzima. Mke alileta watoto walale kwetu, akatundika leso katikati ya chumba, na upande wa pili wa leso ndio ukawa karantini ya mumewe. Msimamo wangu ni kwamba kujitenga kulistahili, lakini kuliamriwa kana kwamba kila mkaazi wa Nairobi ana chumba cha ziada. Naomba kila mmoja aeleze yaliyompata kwake, na angechagua njia gani.

Mama Shiru (Mathare)
Baba Imani, umenikumbusha mambo ambayo nilidhani nimeyasahau. Mimi wakati huo nilikuwa nafua nguo Eastleigh. Asubuhi tulikuwa tunaketi kando ya barabara na kina mama wenzangu, kila mmoja na mfuko wake, tukingoja mtu ashuke kutoka kwenye maghorofa atuite. Baada ya kisa cha kwanza kutangazwa Machi 2020 walianza kutuogopa, na sisi tukaanza kuwaogopa. Kisha Mei 6 Eastleigh ikafungwa kabisa, hakuna kuingia wala kutoka. Mimi niko ng'ambo ya mto, kazi yangu iko upande ule, na katikati kuna askari. Mteja mmoja tu ndiye aliyenitumia pesa kwa simu bila kazi yoyote, na nitamwombea hadi nife. Wengine hawakushika hata simu. Kila jioni kuanzia saa moja tulikuwa ndani, kwa sababu kafyu haikuwa ya mzaha. Mwisho wa Machi mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao pale Kiamaiko, na sisi tuliokaa karibu tulisikia milio. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ningechagua kujitenga au kuacha ugonjwa uenee, namuuliza kwanza unga utatoka wapi. Ningeletewa unga na maharagwe mlangoni, ningejifungia hata miezi mitatu bila kulalamika.

Dereva wa Jogoo Road
Ukweli mtupu, Mama Shiru. Matatu ya watu 14 ilibeba 8, nauli ikapanda, na anayeumia akawa yule yule wa kwenda kibarua.

Mpenda Takwimu
Nawapa pole wote, lakini mnayoyasimulia yanaunga mkono hoja ya kijana huyo. Tulifunga shule katikati ya Machi 2020, tukafunga Nairobi kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7, na bado utafiti wa damu uliofanywa jijini Novemba mwaka huo ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya wakaazi walikuwa tayari wameambukizwa, wengi wao bila kujua. Virusi vilipita katikati ya vizuizi kama maji katika chujio. Sisi ni taifa la vijana, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wazee na wenye maradhi ya muda mrefu. Oktoba 2020 wanasayansi watatu, Jay Bhattacharya, Sunetra Gupta na Martin Kulldorff, walitia saini tamko la Great Barrington huko Marekani wakisema walio hatarini walindwe, na wengine waishi kama kawaida. Uswidi haikufunga shule za watoto wadogo na haikuangamia. Naamini njia hiyo ingetufaa kuliko kuwanyima watu riziki.

Muuguzi Mstaafu
Mpenda Takwimu, umetaja Uswidi ukaacha kutaja majirani zake. Mwaka 2020 Norwe na Ufini, zilizochukua hatua kali mapema, zilizika watu wachache zaidi kwa kila milioni. Umesahau pia Manaus, huko Brazili. Mji ule uliambukizwa sana katika wimbi la kwanza hata baadhi ya wataalamu wakadhani kinga ya jamii imefikiwa, na Januari 2021 wimbi la pili likaja na wagonjwa wakafa kwa kukosa oksijeni hospitalini. Ninyi mnaolilia kinga ya jamii mnaikopa kutoka kwenye elimu ya chanjo. Surua huzuiwa kwa kuchanja takribani watoto 95 kati ya kila 100. Ndui, ambayo mwaka 1980 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, iliondolewa kwa kumtafuta mgonjwa, kumtenga na kuwachanja waliomzunguka, wala hakuna aliyeiacha ienee ili iishe. Kusudi la kujitenga halikuwa kuvimaliza virusi. Lilikuwa ni kupunguza idadi ya wanaougua kwa wakati mmoja, ili nesi mmoja asijikute na wagonjwa wanaotweta pande zote, na kununua muda hadi chanjo ifike. Shehena ya kwanza ilishuka Nairobi Machi 3, 2021. Kila mzee aliyefikia siku hiyo bila kuambukizwa alikuwa na nafasi ambayo wenzake hawakuipata.

Hussein wa Eastleigh
Mama Shiru, si wote waliokaa kimya kwa moyo mgumu. Sisi wenye maduka tulifungiwa ndani, bidhaa zikakaa, kodi ikaendelea kuhesabiwa. Mama aliyekuwa akitufulia tulimpigia simu, tukakuta nambari yake inatumiwa na mtu mwingine. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani Eastleigh yote ni matajiri.

Mama Shiru (Mathare)
Nimekusikia, ndugu Hussein, na sikukusudia kuwapaka wote tope moja. Lakini wewe ulifungiwa ukiwa na ghala la unga chini ya nyumba.

Hussein wa Eastleigh
Ghala la vitambaa, mama. Vitambaa haviliwi.

Binti wa Umoja
Nimesoma hoja ya kuwalinda wazee na kuwaacha vijana waendelee na maisha, na nimeshindwa kunyamaza. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili. Machi 2021 tulikuwa tunaishi humo baba, mama, kaka yangu na mimi. Baba alikuwa na kisukari na tangu mwanzo wa janga hakuwa akivuka geti isipokuwa kwenda kliniki. Kaka yangu alikuwa akiuza simu mjini, na siku moja akasema chai haina harufu wala ladha. Mama alimsihi ahamie kwa rafiki yake au alale jikoni, naye akajibu kwa upole kabisa kwamba vijana wanapaswa kuupata ugonjwa huu waumalize, na wazee walindwe. Alikuwa ameyasoma hayo na aliyaamini kwa moyo safi. Alikubali kwamba baba alindwe, ila hakusema alindwe katika chumba kipi. Waliendelea kula kwenye sinia moja, kama walivyozoea, kwa sababu baba mwenyewe hakutaka mwanawe ahisi anatengwa.

Baba alianza kukohoa, na baada ya siku chache akawa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Usiku ule jirani alituazima kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni, kikasoma 81, nasi tulikuwa tumeambiwa kwamba mtu mzima afya yake ikiwa njema husoma 95 na zaidi. Kafyu ilikuwa imerudishwa nyuma, ikaanza saa mbili usiku na kaunti tano, Nairobi ikiwemo, zilikuwa zimefungwa. Jirani huyo huyo akawasha Probox yake. Hospitali ya kwanza, bawabu alituambia kupitia tundu la geti kwamba hakuna kitanda chenye oksijeni. Ya pili walikuwa na kitanda, lakini walitaka amana ambayo hatungeipata hata tungeuza kila kitu, na tulisimama pale mama akiwaamsha wenzake wa chama chao cha kuchangiana mmoja mmoja, pesa zikiingia kwenye simu elfu elfu, mia tano, mia mbili, huku baba ameegemea kioo cha gari midomo ikigeuka rangi. Kizuizini polisi alimmulika baba usoni kwa tochi, akasogeza miiba mwenyewe bila kuuliza kibali. Hospitali ya tatu ilimpokea alfajiri. Aliishi humo siku chache tu. Tulimzika nyumbani kwetu magharibi, watu wasiozidi 50 kama ilivyoamriwa, na baadhi ya ndugu zake walibaki Nairobi kwa kukosa kibali cha kusafiri.

Kwa hiyo kaka zangu mnaozungumza juu ya kuwalinda wazee, njooni mniambie mngemlinda baba yangu wapi.

Baba Imani (Kayole)
Pole sana, dada. Mungu ampumzishe mzee.

Mwalimu wa Donholm
Pole, binti yetu. Huo ujumbe wa chama usiku wa manane umenitoa machozi.

Mpenda Takwimu
Pole kwa msiba, dada, nasema kwa dhati. Naomba tu tuwe waangalifu: mzee alikuwa akienda kliniki, na huenda aliupata huko. Si haki kijana kubeba mzigo huo maisha yake yote bila uhakika.

Dereva wa Jogoo Road
Bwana Takwimu, kuna mahali pa kutafuta uhakika na kuna mahali pa kusema pole kisha ukanyamaza.

Binti wa Umoja
Mwacheni aulize. Kaka simlaumu, na hilo nimemwambia mwenyewe. Ninachokataa ni ushauri aliopewa, ulioandikwa na watu ambao katika nyumba zao kijana na mzee hawagusani mabega wakipita mlangoni.

Aliyepelekwa Karantini
Wengi mnasahau kwa nini watu walificha ugonjwa. Mimi nilichukuliwa Aprili 2020 kwa sababu nilikaa karibu na aliyeambukizwa, nikawekwa mahali ambapo nililipishwa shilingi 2,000 kwa siku, na muda ulipokwisha nikaongezewa siku nyingine kwa sababu mwenzangu wa bweni alipimwa akakutwa na virusi. Mwezi wa Mei serikali ilisema itagharamia yenyewe, lakini habari ilikuwa imeshasambaa mitaani, na jirani zangu wakaapa kwamba wakikohoa watakoholea kwenye mto wa kulalia, wasisikike. Kujitenga kukifanana na kifungo, watu watakukimbia, na hapo virusi huenea kuliko kama usingewagusa.

Muuguzi Mstaafu
Hilo nakubaliana nalo kabisa, na niliwahi kulisema kazini. Mgonjwa anayelipishwa kwa kusema ukweli hatasema ukweli.

Kijana wa Pipeline
Ushauri wangu kwa siku zijazo: ukisikia ugonjwa umeingia, peleka familia ushago mapema kabla barabara hazijafungwa. Huko kuna hewa, shamba na nafasi.

Mwalimu wa Donholm
Na huko ushago kuna nani, mwanangu, kama si nyanya na babu? Fungueni madirisha, hata usiku, hata kukiwa na baridi ya Julai. Virusi hivi vilikaa hewani.

Kijana wa Pipeline
Mwalimu, dirisha langu linatazama ukuta wa ghorofa jirani. Nikinyoosha mkono naugusa.

Mama Shiru (Mathare)
Sisi tulijifukiza kwa majani ya mkaratusi na kunywa tangawizi na ndimu, na tukapona.

Muuguzi Mstaafu
Tangawizi na ndimu kunyweni, dada yangu, zitawatuliza koo. Sufuria ya mvuke chini ya blanketi niliona imeunguza mtoto vibaya, kwa hiyo hiyo iacheni. La kufaa zaidi ni kama lile la mama yake Binti: chama kiwe na kitita cha wagonjwa, na majirani wanunue kile kifaa cha kubana kidole, kimoja kwa ploti nzima, kwa sababu mtu anaweza kuzungumza vizuri huku oksijeni imeshashuka.

Mpenda Takwimu
Dada wa Umoja, nimekaa na swali lako na sina chumba cha kukuonyesha. Mpango wa kuwalinda wazee peke yao hautekelezeki katika nyumba zetu, na nauondoa katika hoja yangu. Lakini kuhusu shule sijashawishika. Zilifungwa Machi 2020, madarasa machache yakarudi Oktoba, na wengine wakangoja hadi Januari 4, 2021. Mpwa wangu wa kidato cha pili alirudi akiwa na mtoto. Nani alipima hasara hiyo kabla ya kufunga geti?

Mwalimu wa Donholm
Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 70, watatu watatu kwenye dawati. Ungeniambia niwaketishe vipi Aprili ile?

Mpenda Takwimu
Nusu asubuhi, nusu mchana, Mwalimu, na wengine chini ya miti uwanjani. Hata hivyo kungekuwa bora kuliko miezi tisa.

Mwalimu wa Donholm
Shule yetu haina uwanja. Ulinyakuliwa.