Fotei za Nkambo

*Kikundi: Familia ya Kamalondo, Lubumbashi*

Alhamisi jioni

Nadine: Jambo yenu wote. Ufunguo nimepata, tunaingia nyumba ya Kampemba mwisho wa mwezi. Salo iko kubwa, madirisha mawili, ukuta mweupe. Nimeona hizi fotei, viti vya salo, mjini. Dola 650 seti nzima, na muuzaji anakubali nilipe kwa mara tatu. Munasemaje?

📷 *Picha*

Mireille: Waaa! Zinang'aa dada! Kijivu kinakupendeza.

Mama Nadine: Usitoe hata franka moja kabla Tantine Odette hajasoma.

Tantine Odette: Nimesoma. Hongera kwa nyumba, mtoto wangu. Niambie kwanza, uliinua kona moja ya hiyo fotei kubwa?

Nadine: Kuinua namna gani Tantine? Nilikaa tu, nikaona iko laini.

Tantine Odette: Laini ya dukani haina maana, hata karto ya boksi ukiifunika vizuri inakuwa laini. Unashika mguu mmoja wa mbele, unauinua sentimita kumi na tano hivi. Mguu wa pili wa mbele ukifuata, mifupa iko. Ukibaki umelala chini huku fotei inajipinda, hiyo haitafika kiangazi cha pili. Pia ungepitisha mkono chini, pale kwenye kile kitambaa cheusi, usikie kama kuna mbao au kuna hewa.

Ya Christian: Tantine anasema kweli. Za namna hiyo naletewa atelie kila wakati. Ukifungua unakuta mbao za masanduku, karto ngumu kwenye mikono, na agrafe tu, zile pini za chuma, zinashikilia kila kitu. Siwezi hata kupiga msumari, mbao inapasuka. Watu wanalia mbele yangu na mimi sina la kuwafanyia.

Nadine: Basi ninunue wapi? Sina pesa ya kutengenezesha seti mpya ya mbao nzito.

Tantine Odette: Yaya Joseph, zile za Baba bado ziko kwenye anekse?

Papa Joseph: Ziko. Canapé ya watu watatu na fotei mbili. Zimefunikwa na bashi ya turubai, juu kuna magunia ya makala (makaa). Marehemu Baba, nkambo (babu) wenu, alizitengenezesha akiwa kazini Gécamines, kampuni ya shaba, fundi alikuwa hapa hapa Kamalondo. Alipoondoka kazini mwaka 2003 pamoja na wale wote wa kuondoka kwa hiari, vitu vingi viliuzwa humu ndani. Zile alikataa.

Nadine: Papa Joseph, kwa heshima yote, zile skai (ngozi ya plastiki) za kahawia zilizopasuka? Tulikuwa tunabanduka mapaja pale tukiwa watoto 🙈

Mireille: Na zinanuka vumbi. Na kama kuna kunguni je?

Tantine Odette: Nadine, wewe unaangalia ngozi. Ngozi tunavua. Nataka Christian aende aangalie mifupa, baada ya hapo tuzungumze.

Ya Christian: Kesho asubuhi niko pale.

Ijumaa

Ya Christian: Nimezigeuza zote tatu miguu juu.

📷 *Picha* 📷 *Picha* 📷 *Picha*

Ni mbao ya mulombwa mtupu, angalieni hiyo rangi pale nilipokwangua. Viungo ni vya ulimi na tundu, vimepigwa vijiti vya mbao, msumari hakuna. Kiungo kimoja tu kimelegea, mkono wa kushoto wa fotei ndogo. Nitakwangua kole (gundi) ya zamani, nitie mpya, nikibane kwa kamba kilale hivyo usiku kucha. Kole mpya juu ya kole ya zamani haishiki.

Mguu wa nyuma wa canapé una vitundu vya dudu. Nimegonga kwa nyundo mara nyingi juu ya karatasi nyeupe, unga mpya hautoki. Walishaondoka zamani. Chini, kanda zote za kushikilia kiti zimeoza, na springi mbili zimechomoka kwenye kamba. Musi, ile sponji ya ndani, imekuwa unga, ukiishika inabaki mkononi.

Tantine Odette: Aksanti sana mwanangu. Umeona Nadine? Mulombwa wa unene ule, leo ukimwomba fundi seti ya hivyo atakutajia bei ukae chini. Wewe unayo bure, chini ya magunia ya makala.

Nadine: Nimeona Tantine. Sikujua ndani kuko hivyo. Lakini kunguni bado naogopa. Nina mtoto mdogo.

Tantine Odette: Unaogopa vizuri, na hata kitu cha mtu wa familia unakikagua. Kunguni anapenda mishono, chini ya vishikizo, na nyufa za mbao. Tafuteni vidoa vyeusi vidogo, maganda yake, na vijiyai vyeupe. Kila kitu tunavua nje uani, hakuna kinachoingia nyumbani kikiwa na nguo yake ya zamani.

Papa Joseph: Hiyo musi na skai nitachoma nyuma ya nyumba.

Tantine Odette: Hapana Yaya, nakuomba. Moshi wa musi ni sumu kali, na watoto wa jirani wako pale pale ukutani. Tutie kwenye magunia, tufunge kabisa, viende na takataka.

Papa Joseph: Sawa. Basi nichemshe maji nimwagie zile mbao, kunguni afe.

Ya Christian: Papa, maji ya moto yakifika kwenye viungo kole itaachia, nitaanza kazi upya. Brashi ngumu kwenye kila ufa, dawa ya wadudu ndani ya nyufa, halafu jua siku kadhaa. Petroli pia musitie, harufu haitoki.

Papa Joseph: Nimesikia. Nitatoa magunia ya makala.

Tantine Odette: Christian, ukivua skai usichane. Chukua turnevisi (bisibisi) bapa, inua agrafe moja moja. Kila kipande andika kwa chaki nyuma yake: kiti, mgongo, upande, na mshale kuonyesha juu. Piga picha kabla ya kutoa kila kimoja. Hiyo skai mbovu ndiyo patroni yetu, kipimo cha kukatia kitambaa kipya. Kama fundi wa Baba alikunja kona vizuri miaka ile, sisi tunafuata mikunjo yake.

Ijumaa, usiku

Tantine Odette: Nimetoka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Wacha niwaelezee ya musi, maana hapa ndipo watu wengi wanaibiwa.

Nilitaka bamba la mita 2 kwa mita 1, unene sentimita 10. Muuzaji ananiambia "densite 30, Mama, ya kwanza kabisa." Nikalibonyeza kwa ngumi, likarudi haraka, sura nzuri. Lakini mkono hauwezi kujua densite. Nikamwambia, twende kwa jirani yako muuza unga, ana mizani. Akakataa kwanza, wateja wengine wakaanza kusogea kusikiliza, akakubali. Tukalikunja, tukalifunga kwa kamba, tukalining'iniza.

Densite ni uzito wa mita moja ya ujazo. Bamba hilo ni mbili mara moja mara 0.10, yaani 0.2. Kwa densite 30 lazima liwe na kilo 6. Likaonyesha kilo 3 na nusu. Hiyo ni densite 17 na kitu! Hiyo ni ya mgongo. Ukiikalia, kabla ya Noeli inakuwa shimo, unakaa juu ya mbao.

Mireille: Wee Tantine! Akasemaje?

Tantine Odette: Hakusema. Aliingia nyuma akatoa bamba lingine, hilo likafika karibu kilo 6. Hilo nimechukua kwa viti. Na lile jepesi nimelichukua pia kwa migongo, kwa bei yake ya kweli, maana mgongo haubebi uzito na unataka kitu laini. Wote wawili tumeagana vizuri.

Mama Nadine: Ndiyo maana nilisema mungojee Odette.

Nadine: Tantine, nashindwa kusema. Nirudishe kiasi gani?

Tantine Odette: Hiyo ya musi ni zawadi yangu ya nyumba. Wewe utanunua kitambaa. Mikono ya zile fotei ni mbao wazi, hatuvalishi, kwa hiyo kwa roli la upana wa mita 1.40 tunahitaji kama mita 12 kwa zote tatu. Ukijumlisha na kanda, agrafe na kole, huwezi kufika theluthi ya zile 650.

Mama Nadine: Mimi naona kitenge. Kuna moja ya kijani na manjano nimeona, ingependeza sana salo.

Tantine Odette: Wifi yangu, kitenge nakipenda, lakini kwa kiti hapana. Ni pamba nyepesi, watu wakikaa na kuinuka kila siku kinachakaa kwenye ukingo, na jua la dirishani linakula rangi. Kitie kwenye kuse, mito midogo ya kuegemea. Kuse nne za kitenge juu ya fotei ya rangi moja, hapo macho yataenda kwenye kitenge chako.

Mama Nadine: Basi kuse ni zangu, nitashona mwenyewe. Kitenge nitakiosha kwanza kisije kikanywea baadaye.

Mireille: Veluru! Hapa Likasi kila mtu anatia veluru.

Tantine Odette: Veluru ni nzuri, mkitaka. Lakini ina manyoya, pitisha kiganja utasikia upande mmoja inalala na mwingine inasimama. Vipande vyote lazima vilale upande mmoja, kutoka juu kushuka chini. Ukigeuza kimoja ili kubana kitambaa, kitaonekana rangi nyingine kabisa. Kwa hiyo inakula mita zaidi. Na veluru inashika vumbi.

Nadine: Kijivu cha mwanga je? Bado nakipenda.

Ya Christian: Nadine, Kampemba, barabara ya udongo, mwezi wa nane. Fikiria.

Nadine: 😂 Kweli. Vumbi letu litakifanya chekundu.

Tantine Odette: Chagua rangi inayoelewana na hili vumbi: kahawia yenye wekundu, rangi ya shaba, au kijani cha giza. Kitambaa kiwe kizito, kimefumwa kwa kubana. Kivute kwa pande zote mbili mbele ya muuzaji, nyuzi zikifunguka rudisha. Na uulize vipande vya mwisho wa roli, mita 5, mita 7, wanaviuza kwa kushusha maana havimtoshi mwenye seti kubwa. Ukipata viwili vya rangi moja umepona. Usisahau mitumba: rido nzito za madirisha makubwa ya Ulaya, moja inaweza kutoa viti viwili. Zifunue zote juani, tafuta mahali palipopauka.

Mito ya kukalia nitaitia zipu nyuma, ivuliwe na kufuliwa. Bila zipu, kiangazi kimoja tu kinaharibu kazi yote.

Jumamosi mchana

Nadine: Nimepata!! Kijani cha giza, mwisho wa roli, mita 9, na kingine mita 4 na nusu, roli moja. Nimevuta, nyuzi hazikufunguka. Alianza juu sana, nikaanza kuondoka, akaniita.

📷 *Picha*

Tantine Odette: Hiyo! Hiyo kabisa. Na kuna ziada.

Nadine: Ziada inatosha kwa viti vya meza? Viko sita, kiti ni sentimita 45 kwa 45.

Tantine Odette: Unaongeza 10 kila upande ya kukunja chini, inakuwa 65 kwa 65. Kwenye upana wa 1.40 vinakaa viwili. Viti sita ni safu tatu, sentimita 195. Unataka karibu mita 2, na ziada yako ni mita 1 na nusu. Inatosha viti vinne. Viwili vitie kitenge cha mama yako, uviweke vichwani mwa meza.

Mama Nadine: 👏👏👏

Nadine: Hivyo vya meza nataka kufanya mwenyewe. Nieleze.

Tantine Odette: Fungua skrubu, toa kiti. Laza kitambaa kifudifudi, juu yake musi, juu yake mbao. Agrafe ya kwanza katikati ya upande wa nyuma. Ya pili katikati ya mbele, ukivuta. Kushoto, kulia. Sasa geuza uangalie kama mistari ya kitambaa imenyooka, maana bado unaweza kutoa hizo agrafe nne bila machozi. Ikinyooka, unaenda kutoka katikati kuelekea kona, upande huu kidogo, upande wa pili kidogo. Kona ni za mwisho kabisa: vuta ncha kuelekea katikati ya mbao, piga moja, halafu kunja pande mbili zikutane. Usivute mpaka musi ifanye mabonde, unavuta mpaka mikunjo iishe, basi. Agrafe za milimita 8 zinatosha.

Ya Christian: Agrafezi yangu nitakuachia. Musi ukate kwa kisu kirefu cha mkate, chenye meno, bila kukandamiza. Ile ya mito ya canapé ikate sentimita moja zaidi ya kitambaa kila upande, ndiyo inajaa.

Nadine: Aksanti Tantine, aksanti Ya Christian. Yule wa dukani amenipigia kuuliza kama natuma malipo ya kwanza. Nimemwambia hapana.

Mireille: Na rido?

Tantine Odette: Rido baadaye. Fotei ziingie kwanza, tuone mwanga unaangukia wapi.

Ya Christian: Kiungo kimeshika. Kanda mpya nimevuta, springi nimezifunga zote kwa kamba mpya, siyo zile mbili tu. Fremu nimesugua kwa karatasi ya msasa, leo jioni napaka vanishi. Jumatatu ziko tayari kuvalishwa kwa Tantine.

Papa Joseph: Nimeongea na mwenye kamioneti, anapita Jumatatu saa tatu asubuhi. Odette, ufunge mbwa.