Inchi 65 au 55 kwa sebule inayopigwa jua? Naomba ushauri kabla sijanunua

Mama wa Chumbageni:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Tunataka kubadilisha runinga ya sebuleni hapa Tanga, nami nimekwama kati ya mbili. Ya kwanza ni ya inchi 65, imeandikwa 4K, lakini chapa yake sijawahi kuiona kwa jirani yeyote. Ya pili ni ya inchi 55, nayo ni 4K, ya kampuni inayojulikana, na bei zake zinakaribiana. Kutoka kwenye kochi hadi ukutani ni mita 3, na madirisha mawili makubwa yanatazama magharibi, hivyo kuanzia saa tisa alasiri jua huingia hadi kwenye kapeti. Tunachotazama zaidi ni mpira na taarifa ya habari kwa king'amuzi cha dishi. Filamu za intaneti ni mara chache kwa sababu tunategemea bando la simu. Muuzaji anasema kwamba kwa umbali huo 55 itaonekana ndogo, na kwamba 4K itasafisha kila picha. Je, ni kweli? Hii ni akiba ya familia, nisingependa kuitoa kwa kubahatisha.

Mpenda Picha:

Dada, muuzaji amepatia la kwanza na kukosea la pili. Runinga ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 hivi, na kwa mita 3 inakaa vizuri machoni. Ya 55 ingefaa zaidi kama mngeweza kusogeza kochi hadi kwenye mita 2.3.

Kuhusu 4K, tafadhali elewa hesabu hii. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla yapata milioni 8.3. Chaneli ya king'amuzi isiyo ya HD huleta nukta 720 kwa 576 tu, yaani zisizofika laki nne na ishirini. Maana yake, katika kila nukta 20 utakazoziona, moja ndiyo imetoka kituoni na 19 zimekisiwa na runinga yenyewe. Kazi hiyo ya kukisia hufanywa na prosesa, yaani chipu inayochakata picha ndani ya runinga, na hapo ndipo runinga nzuri na dhaifu huachana mbali: kwenye iliyo dhaifu, nyasi za uwanja hugeuka kapeti la kijani na namba ya mgongoni mwa mchezaji haisomeki mpaka kamera imsogelee. Isitoshe, jicho lenye uoni wa kawaida, likiwa mita 3 kutoka kwenye kioo cha inchi 65, haliwezi kutenganisha hata nukta za Full HD (1,920 kwa 1,080), achilia mbali za 4K.

Kwa sebule yako mimi ningetanguliza mwanga kuliko idadi ya nukta. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti, na runinga nyingi za bei nafuu hazifiki 400, kiasi ambacho jua la alasiri hukimeza. Omba kipimo hicho kwa maandishi, na hata ukikipata, pazia zito bado utalihitaji.

Kisha nenda dukani na king'amuzi chako. Video inayochezwa pale imerekodiwa kwa 4K halisi, na hata runinga mbovu hupendeza nayo. Mwombe muuzaji aunganishe king'amuzi kwa waya wa HDMI, atoe mpangilio wa picha wa dukani na kuweka wa kawaida, halafu simama hatua nne nyuma utazame taarifa ya habari, kisha mpira. Mpira uliopigwa juu ukiacha mkia nyuma yake, iache hapo hapo.

Mkazi wa Likoni:

Naongezea la bando tu. Netflix kwa 4K hula hadi GB 7 kwa saa, na kwa HD hadi GB 3. Kwa bando la simu mtatazama HD, kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya filamu za 4K.

Fundi wa Makorora:

Mama, mimi nasema ya upande wa nyuma ya kioo. Runinga za LED zina vipande vya taa, na vikiungua utasikia sauti bila kuona picha. Vipande hivyo hubadilishwa kwa gharama inayovumilika, ila kwa chapa isiyojulikana kupata vinavyolingana ni kazi ngumu. Kioo kikipasuka, bei ya kingine hukaribia bei ya runinga nzima. Kwa hiyo isafirishwe ikiwa imesimama, kamwe isilazwe, na iwashwe dukani mbele yako kabla haijafungwa. Ikifika nyumbani, punguza mwanga wa nyuma nyakati za usiku; kuuacha kwenye 100 saa zote ndiko kunakochosha taa.

Weka kifaa cha kuilinda umeme unaporudi kwa nguvu. Wakati wa radi, chomoa na waya wa dishi pia: nimefungua runinga ambazo waya wa umeme ulichomolewa, lakini radi ilipita kwenye dishi, ikaingia king'amuzi na kuunguza tundu la HDMI.

Mama wa Chumbageni:

Nawashukuru sana. Nimeelekea kuchukua ya 55 na kusogeza kochi, nikishaijaribu na king'amuzi. Hata hivyo shemeji yangu aliyeko Marekani anasema angeweza kutuletea ya huko. Fundi, unaonaje?

Fundi wa Makorora:

Inategemea maandishi ya nyuma, Mama. Ikiandikwa volti 100 hadi 240, umeme wetu wa 230 hauna shida nayo. Ikiandikwa 120 pekee, itahitaji transfoma. Antena ya kawaida haitakuwa na faida, kwani kurusha matangazo ya runinga Marekani hutumia mfumo wa ATSC na sisi DVB-T2. King'amuzi kitapita kwa HDMI, ila hutoa picha kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na baadhi ya runinga za kule hupokea 60 tu, zikaonyesha kioo cheusi. Shemeji apige picha maandishi hayo na asome kitabu chake kama 50 imetajwa. Asipoiona, aitume fedha, ununue hapa hapa Tanga kwa risiti ya EFD na waranti.