Polisi wameshaandika "kujinyonga" kabla mwili haujapasuliwa. Familia ianzie wapi?

Mtetezi wa Nyika: Naomba ushauri kwa niaba ya familia moja hapa Kenya. Binti yao alikutwa jana ananing'inia chumbani. Askari walikata kamba, wakaupeleka mwili mochari bila kupiga picha, majirani wakaingia watakavyo. Kwenye OB, daftari la matukio la polisi, imeandikwa kujinyonga. Familia haikubali.

Daktari wa Mochari: Poleni sana. Mwili usioshwe wala kutiwa dawa, maana dawa huvuruga vipimo vya sumu, jokofu linatosha. Ombeni viganja vifungwe kwa mifuko ya karatasi: kama alipambana, ngozi ya mtu inaweza kuwa chini ya kucha. Ulizeni kamba iko wapi. Hukatwa mbali na fundo, na fundo libaki kama lilivyo, lakini mara nyingi hutupwa palepale.

Aliyejinyonga, alama kwa kawaida hupanda kuelekea kwenye fundo. Aliyenyongwa na mtu, mara nyingi huzunguka shingo kwa usawa. Hilo peke yake halitoshi. Shingo ipasuliwe tabaka kwa tabaka, tena mwisho, baada ya kutoa ubongo na viungo vya kifua ili damu ishuke. Ikitangulia, damu inayovuja hufanana na jeraha. Leteni mwanapatholojia wenu, yaani daktari bingwa wa kupasua maiti, ahudhurie, na muombe kwa barua leo.

Ushahidi Kwanza: Chumba kifungwe, ufunguo ukae kwa mtu mmoja, na kila anayeingia aandikwe jina na saa. Kisipigwe deki! Nguo zenye damu msiziguse, waachieni wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai: zinakaushwa kisha zinatiwa kwenye karatasi. Kwenye plastiki zinaota ukungu na DNA inaharibika. Kamera za maduka ya jirani ziombewe nakala leo, maana mashine nyingi hufuta picha za zamani zenyewe. Simu yake msijaribu kuifungua.

Karani wa Korti: Neno la kwanza kwenye OB ndilo linaloua kesi, kwa sababu likishaandikwa hakuna anayetafuta kingine. Julie Ward, Mwingereza, alipouawa Maasai Mara mwaka 1988, ilidaiwa ameliwa na wanyama, na ripoti ya daktari kuwa mifupa ilikatwa kwa kitu chenye makali ikabadilishwa. Baba yake hakunyamaza, na mwaka 1989 uchunguzi wa mahakama ukaamua ni mauaji. Lakini washtakiwa wawili waliachiliwa 1992, na mwingine 1999.

Kwa hiyo rudini kituoni, mwandikishe taarifa ya kupinga na mpewe namba yake ya OB. Barua iende kwa DCI, nakala kwa ODPP, ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu, mkiomba uchunguzi wa hakimu chini ya vifungu vya 386 na 387 vya sheria ya mwenendo wa jinai. Uzembe wa askari pelekeni IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.

Mtetezi wa Nyika: Asanteni. Wazee wanataka mazishi Jumamosi.

Daktari wa Mochari: Wasubiri mpaka sampuli za damu, mkojo, ini na kucha zichukuliwe, zifungwe kwa lakiri na kusainiwa. Akishazikwa, kumfukua kunahitaji amri ya korti.