Wakuu, hii 58,955,895 imenitoa jasho, naombeni msaada

Baba Nai
Habari zenu wakuu. Binti yangu wa Darasa la Saba kapewa kazi ya likizo: atafute vigawo tasa vya 58,955,895 bila kikokotoo. Mimi nauza mitumba Kiborloni, madeni ya wateja napiga kichwani, lakini hapa nimekwama. Inaishia na 5, tukagawa kwa 5. Jumla ya tarakimu ni 54, tukagawa kwa 9. Ikabaki 1,310,131. Nikajaribu 7, 11, 13, nikapanda hivyohivyo mpaka 71, kila mara baki. Daftari la madeni limejaa mpaka jalada. Niandike kwamba ni namba tasa?

Halafu binti anasema tungegawa kwa 27 moja kwa moja, maana 54 inagawanyika kwa 27. Nikamwambia yuko sahihi, kumbe inatoka desimali.

Chuma cha Majengo
5895 si urefu wa Kibo huo? Mwalimu mjanja sana.

Mstaafu wa Chaki
Baba Nai, umeachia njiani. Baada ya 71 namba tasa inayofuata ni 73, nayo inaingia mara 17,947 kamili. Ila hukuwa na haja ya kupanda ngazi yote hiyo. Itazame tena: 5895, 5895. Namba ya tarakimu nne ukiiandika mara mbili, umeizidisha kwa 10,001, na 10,001 ni 73 × 137. Jaribu na mwaka wako wa kuzaliwa. Kinachobaki ni 5,895 yenyewe, yaani 3 × 3 × 5 × 131. Unganisha: 3 × 3 × 5 × 73 × 131 × 137.

Kuhusu 27: ujanja wa kujumlisha tarakimu unakubali kwa 9 kwa sababu 10, 100, 1,000, zote ukizigawa kwa 9 zinabakiza 1. Kwa 27, 10 inabaki 10 ileile. Hata 27 yenyewe, 2 + 7 ni 9, na 9 haigawanyiki kwa 27.

Dada wa Njoro
Na usiite namba tasa kabla hujafika kipeuo chake cha pili. Cha 1,310,131 ni 1,144 na ushee. Ukiwa 71 hata geti la mlima hujalifikia.

Baba Nai
Nimejaribu 19,841,984. Kwa 73 ni 271,808, hakuna baki! Sasa binti kaandika 5895 mara tatu, anadai hii inagawanyika kwa 27. Nimepiga kwa mkono, 589,558,955,895 kwa 27 ni 21,835,516,885 kamili. Mwalimu, imekuwaje tena?

Mstaafu wa Chaki
Safari hii kazidisha kwa 100,010,001. Jumla ya tarakimu zake ni 3, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, na 5,895 tayari ina 9 ndani. Huyo binti mnunulie soda, mimi nitalipa.