Madigadi mepesi ya pikipiki: alumini au faibaglasi?

Muulizaji, Moshi: Ndugu zangu, habari za jioni. Madigadi ya nyuma ya pikipiki yangu, ambayo ni ya chuma, yameliwa na kutu, nami ningependa kujitengenezea nyumbani mengine yaliyo mepesi zaidi. Je, nitumie bati la alumini au faibaglasi?

Fundi, Majengo: Alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma cha ujazo uleule, lakini kuikunja ifuate mviringo wa tairi bila mashine si kazi ndogo. Nakushauri utumie faibaglasi. Yakwangue kutu madigadi ya zamani, yazibe matundu yawe kalibu (umbo la kufinyangia), uyapake nta mara kadhaa ili rezini (gundi ya majimaji inayokauka na kuwa ngumu) isigande juu yake, kisha utandaze tabaka 3 za kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa rezini, ukikandamiza kwa brashi mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Hadina, yaani kemikali ya kugandisha rezini, isizidi asilimia 2 ya rezini. Ikizidi, mchanganyiko hupata joto kali na kupasuka.

Mdau, Arusha: Vumbi la kupiga msasa faibaglasi hudhuru mapafu, jambo ambalo linapuuzwa mno, kwa hiyo vaa barakoa na ufanyie kazi nje. Weka washa pana (vibati vya duara vyenye tundu katikati) kwenye matundu ya bolti, maana mtikisiko huanza kupasulia hapo. Vipuri vya breki na usukani usivitengeneze hivi kamwe.

Muulizaji: Nashukuru sana. Je, rangi ya kupuliza hushika vizuri?

Fundi, Majengo: Hushika, ukiosha nta yote kwanza.