Mrejesho: hema dogo la watu wawili

Wakuu, narudi na mrejesho wa lile swali langu la hema dogo la bei poa la kulala watu wawili. Nimechukua lililoandikwa la watu 3 kama wengi mlivyoshauri, maana hayo ya watu 2 mnalala mmebanana kama njiti za kiberiti na mabegi yanabaki nje. Lina matabaka mawili, la ndani lina neti, la juu ndo la kuzuia mvua, na hapo ndo hela yangu imefanya kazi aisee, mvua imepiga usiku kucha, asubuhi matone ya pumzi zetu yamejaa kwenye tabaka la nje huko, sisi wakavu kabisa. Kitambaa kimeandikwa 3000 mm, yaani kipimo cha kuzuia maji yasipenye, ila aliyeniambia nicheki mishono imezibwa kwa tepu alinisaidia kuliko hiyo namba. Fito ni za faiba, nzito kuliko za alumini, kwa wa gari sio ishu. Vigingi vyake sasa, takataka tupu, vimepinda hapohapo, nimenunua vingine vya chuma. Aliyeuliza uzito, ni kama kilo 3 na nusu hivi, mkitembea kwa miguu mnagawana tu, mmoja abebe kitambaa mwenzake fito na vigingi.