Tupeane uzoefu: kubadilisha springi za gari la mizigo ukiwa nyumbani

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu. Waliowahi kubadilisha springi za majani (vile vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) wenyewe, kwenye pikapu au lori dogo, waje tuelezane walichokutana nacho chini ya gari.

Naanza. Pikapu yangu ilikuwa imelala upande mmoja nyuma; jani la juu limekatika karibu na jicho, yaani kile kitanzi cha mwisho wa jani kinachopitisha bolti. Nilibadilisha kushoto na kulia kwa pamoja, maana springi mpya ikikaa na iliyochoka, gari halisimami sawa. Iliyonitesa ni bolti ya jicho la mbele. Nati ilitoka vizuri, lakini bolti ilikuwa imeshikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi (ule mpira wa mviringo unaokaa ndani ya jicho), kwa hiyo ukiizungusha inazunguka na bushi yake. Mafuta ya kulegeza kutu nilimwaga usiku kucha, wapi! Nikaikata kwa grainda kati ya jicho na mabano, huku na huku. Ushauri wangu: uwe na bolti mpya mkononi kabla hujafungua chochote.

Mchangiaji wa 2
Grainda sawa, ila angalia tangi liko upande gani. Kwangu kichwa cha bolti kilielekea kwenye tangi, ikitoka kidogo tu inagonga. Nililishusha tangi likiwa karibu tupu, nikalipeleka mbali, ndipo nikaendelea. Cheche na mvuke wa mafuta havikai pamoja, ndugu zangu.

Mchangiaji wa 3
Naomba nisisitize kusimamisha gari, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Ukinyanyua nyuma, handbreki haikusaidii tena: kwenye magari mengi inashika tairi za nyuma, na hizo ziko hewani. Weka vizuizi tairi za mbele, mbele na nyuma yake. Chasisi ikae juu ya stendi za chuma, ardhi iwe ngumu na tambarare. Matofali hapana, yanapasuka ghafla. Ekseli nayo ishikiliwe na jeki yake, uweze kuipandisha na kuishusha kidogo kidogo.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei: yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zikishatoka, ekseli iko huru. Inaweza kujizungusha, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) likainama na hosi ya breki ikavutika. Mimi hufanya upande mmoja kwanza, namaliza, ndipo nahamia wa pili. Upande uliofungwa unaizuia isihame.

Mchangiaji wa 4
Yubolti za zamani zisirudi. Zimeshavutika.

Mchangiaji wa 5
Langu lilikuwa linakwenda mshazari, tairi za nyuma hazifuati njia ya za mbele. Kumbe senta bolti imekatika. Ile ndiyo inayoyashika majani pamoja, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli ili isisogee. Ikikatika, ekseli inaweza kuteleza mbele au nyuma upande mmoja. Kabla ya kuifungua nilibana majani kwa klempu mbili imara, kwa sababu yamekunjwa kwa nguvu na yanaweza kufumuka usoni. Baada ya kufunga nilipima kutoka ekseli hadi tundu moja la chasisi, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, imekaa.

Mchangiaji wa 6
Kwenye bushi za mpira, bolti za macho na za kile kining'inio cha nyuma (kiungo kinachoshika jicho la nyuma kwenye chasisi) usizikaze gari likiwa juu. Zifunge zishike tu, shusha gari libebe uzito wake, ndipo ukaze. Ukizikaza springi zikiwa zimening'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote gari likiwa chini, na utachanika mapema. Yubolti nazo kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, umalizie kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukishatembea kama kilomita 100, rudia kuzipima, kwa kuwa majani mapya yanajipanga na nati zinalegea.

Mwanzisha uzi
Asante sana mkuu. Na zile za pini na bushi za shaba, zenye nipo (vile vichuchu vya kuingizia grisi)?

Mchangiaji wa 6
Hizo hazina mpira wa kujipinda. Zinachotaka ni grisi, na uzipige chasisi ikiwa imenyanyuliwa, uzito umeondoka kwenye springi. Gari likiwa chini, pini inakandamiza bushi upande mmoja na grisi haipiti hapo, wakati ndipo panapolika. Piga mpaka uone grisi mpya inatokea pembeni.